Nyumba Pembeni mwa Picha

Mtaa mzima ulimwita Kidevu, na jina hilo alijitafutia mwenyewe. Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa na chumba cha picha mkabala na ofisi ya vitambulisho, na kila aliyeketi kwenye kigoda chake aliambiwa maneno yale yale: "Kidevu juu kidogo. Usicheke. Usipepese." Taa mbili, moja kila upande, zilifuta kila kivuli, na uso ukatoka katikati ya karatasi nyeupe, masikio yote mawili yakionekana, kama serikali inavyotaka. Hakuna aliyewahi kutoka mle akiwa mzuri. Lakini hakuna aliyewahi kurudishiwa fomu pia, na kwa hilo watu walikuja kwake wakapita vibanda vingine vitatu.

Alikuwa na utaratibu mmoja ambao hakuuvunja. Kila Jumamosi jioni, kabla ya kushusha mlango wa bati, alifuta picha zote za wiki, kwenye kamera na kwenye kompyuta. "Sura ya mtu si mali yangu," aliwaambia wateja. "Nikishakupa nakala zako nne, mimi na wewe hatujuani." Watu walimheshimu kwa hilo, hasa wale wenye mambo yao ya kuficha.

Nyuma ya chumba cha picha kulikuwa na vyumba viwili alimoishi na mama yake. Mama alikuwa na presha ya macho. Jicho la kushoto lilikufa zamani, kimya kimya, hata mwenyewe hakujua lilikufa siku gani. La kulia lilikuwa linajifunga kutoka pembeni kwenda katikati. Daktari alichukua karatasi, akachora duara, akachora jingine dogo ndani yake.

"Mama anaona hapa tu," alisema, akigonga lile dogo kwa kalamu. "Na hapa panazidi kupungua. Matone yanachelewesha, hayarudishi."

"Mpaka lini, daktari?"

"Miezi mitatu, labda minne. Mimi si Mungu."

Kidevu alimshukuru, kwa sababu hakujua jambo jingine la kufanya.

Mama hakulia. Walipofika nyumbani alivua viatu, akavipanga sawasawa chini ya kitanda kwa kupapasa, kisha akasema anataka kitu kimoja tu kabla jicho halijafunga. Alitaka kuiona nyumba ya baba yake.

Nyumba ile ilikuwa pwani, saa mbili kwa basi, juu ya rasi ndogo ambayo bahari ilikuwa inaila chini kwa chini mwaka hadi mwaka. Mjomba aliyekuwa akiishi mle alihama baada ya choo kudondoka majini, na akasema anashukuru hakuwa ndani. Kumpeleka mama huko hakukuwa na maana, maana vya mbali vyote kwake vilikuwa ukungu. Alichoweza kukiona ni kitu kilicholetwa puani, dirishani, na hata hapo alikisoma kipande kwa kipande. Kwa hiyo ilikuwa picha au hakuna. Na picha haikuwepo. Kwenye miti hapana wajenzi: binti kapiga picha nusu ya mji, na ukutani kwa mama yake hamna hata bati la nyumba alikozaliwa.

"Hasa mlango," mama alisema. "Unaukumbuka mlango?"

Kidevu aliukumbuka vizuri. Babu yake alikuwa fundi mwashi, na alikuwa na sheria yake: mtoto akivunja sahani, anachapwa, kisha kipande kinabandikwa kwenye saruji kuzunguka mlango, ili kila anayeingia aone watoto wa nyumba hii wana mikono ya siagi. Walikuwa watoto tisa. Mlango ulizungukwa na vigae kuanzia kizingiti hadi juu.

"Sahani ya bluu ni yangu," mama alisema. "Ina ua jeupe. Nilichapwa asubuhi, halafu jioni baba akanibeba begani nikaibandika mwenyewe, nikaikandamiza kwa kidole. Nikishaiona ile ya bluu, basi, giza lije likitaka."

Jumapili iliyofuata Kidevu alipanda basi na kamera yake. Alifika saa sita, jua la utosini. Alisimama mbele ya nyumba kama anavyosimama mbele ya mtu, akarudi nyuma hatua nne, akaiweka katikati. Paa la bati, madirisha mawili, mlango wa kijani, vigae vyote vikimeta mpaka cha chini kabisa. Alipiga picha arobaini. Kama nyumba ingekuwa na kidevu angeiambia ikiinue. Alirudi na furaha ya mtu aliyekwishamaliza.

Angezichapa usiku ule ule, hadithi yetu ingeishia hapa na watu wote wangelala salama. Lakini wino ulikuwa umekwisha. Aliagiza, na wino ulipofika Jumatano, aliyeuleta alikuwa Kalenda.

Kalenda alikuwa mpiga picha wa mandhari, mwanamume wa miaka hamsini na kitu, mwenye kofia ya kufunika hadi shingo ambayo hakuivua hata ndani ya nyumba. Picha zake za fukwe zilitoka kwenye kalenda kila mwaka, zikatundikwa benki, kwa vinyozi, mpaka kwenye chumba cha kusubiria cha yule daktari wa macho. Aliuza wino na karatasi kama kazi ya mkono wa kushoto. Aliiona nyumba kwenye kompyuta, akainamisha kichwa upande huu, akakiinamisha upande ule.

"Dada Kidevu," alisema, "hii nyumba inaomba pasipoti?"

Wateja wawili waliokuwa kwenye foleni walicheka. Kidevu pia alicheka, lakini masikio yalimwaka moto. Miaka ishirini na miwili alikuwa anajua watu wanafikiri hivyo, ila hakuna aliyewahi kumwambia.

"Ni ya mama yangu," alisema. "Nyumba alimozaliwa. Macho yake yanaondoka."

Kalenda hakuwa mtu mbaya, na hapo ndipo balaa lilipoanzia. Mtu mbaya angecheka akaenda zake. Yeye alivuta kigoda cha wateja, akakaa, akashusha sauti.

"Basi ndiyo kabisa. Kama ndiyo picha ya mwisho mama ataiona, mpe picha. Usimpe kitambulisho. Angalia: umekata bahari katikati. Mbele hamna kitu. Jua la saa sita limelala juu ya kila kitu, limeua vivuli vyote. Nyumba imesimama tu kama mtuhumiwa. Njoo na mimi alfajiri, nikuoneshe pwani."

Neno lile, *usimpe kitambulisho*, lilimwingia. Alijiona akimkabidhi mama picha moja nzuri katika maisha yake yote ya kupiga picha. Wino ulikuwa mezani. Hakuchapa. Jumamosi jioni alifuta picha za wiki, nyuso mia mbili na kitu, na nyumba arobaini pamoja nazo. Kidole hakikusita. Angepata nzuri zaidi.

"Umeenda?" mama aliuliza.

"Nilienda, mama. Mwanga haukuwa mzuri. Nitarudi."

"Mwanga?" Mama aligeuza uso huku na huku akimtafuta, kama alivyozoea siku hizo. "Mwanangu, mimi ni wa kuchagua mwanga?"

Ikawa kila Jumapili, na baadaye Jumatano pia. Waliondoka na basi la kwanza na kukuta ufuko bado wa kijivu. Kalenda alifundisha vizuri, haki yake apewe. Alimwonesha jinsi ya kugawa picha mafungu matatu, kwa wima na kwa ulalo, na kuweka kitu pale mistari inapokutana. "Katikati," alisema, "ni pa maiti na wenye vitambulisho." Alimfundisha kunyoosha upeo wa macho, maana bahari iliyoinama humfanya mtazamaji aone maji yatamwagika. Alimfundisha kutafuta kitu cha mbele, jiwe lenye mwani au mstari wa povu, ili jicho lipite hapo kwanza kama mgeni apitishwavyo ukumbini kabla ya kufika chumbani. Kamera ikakaa kwenye stendi ya miguu mitatu, mdomo wake ukaachwa wazi kwa muda mrefu, na mawimbi yakatoka meupe na laini kama maziwa.

Na Kidevu alipenda. Hili lazima lisemwe. Alizeeka kwenye chumba kisicho na dirisha, akipima nafasi kati ya utosi na ukingo wa karatasi, na sasa alisimama na maji vifundoni akisubiri wingu lisogee. Kuna asubuhi alimsahau mama yake kabisa kwa dakika kumi nzima, na aliporudi akilini aliona haya.

Lakini pwani haimtumikii mtu. Jumapili ya kwanza mvua ilinyesha. Ya pili maji yalikuwa yamepwa mno, ufuko ukawa tope. Ya tatu mwanga ulikuja mzuri ajabu, wa dhahabu, wakati Kidevu yuko kwenye basi lililopata pancha. Ya nne mawingu. Kila mara Kalenda alitazama anga akasema haraka haraka haina baraka.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo," Kidevu alimjibu siku moja.

"Picha haiombwi, dada. Inasubiriwa."

Nyumbani duara lilikuwa linapungua. Kwanza mama aliacha kutazama saa ya ukutani, akawa anauliza. Kisha akaanza kumimina chai pembeni mwa kikombe. Asubuhi moja alimshika Kidevu mashavu kwa mikono miwili, akamsogeza usoni kwake, akamgeuza taratibu kama mtu anayetafuta stesheni kwenye redio.

"Kidevu juu kidogo," mama alisema. "Hapo. Hapo nimekuona."

Kidevu alibaki vile vile, bila kupepesa, mpaka shingo ikamuuma. Alikuwa na hofu kwamba akisogea atapotea. Siku hiyo alitaka kwenda pwani saa sita, apige nyumba katikati, alete, yaishe. Lakini kesho yake ilikuwa Jumatano, na Kalenda alikuwa ametazama kalenda ya maji, akasema bamvua linaanza, maji yatajaa hadi chini ya rasi, na anga limefunguka. Siku moja tu. Aliyesubiri wiki saba hashindwi na siku moja.

Na Jumatano ile ikaja kama ilivyoahidiwa. Nyumba ilikuwa juu ya rasi, jua likaamka baharini nyuma yake, na anga lote likawa la machungwa. Povu lilichora mstari kutoka miguuni mwa Kidevu, likapinda, likaelekea moja kwa moja juu kulia, pale mistari inapokutana, pale nyumba iliposimama ndogo na nyeusi kama imekatwa kwa mkasi. Katikati yalikuwepo maji tu, meupe, yametulia. Alibonyeza, akahesabu pumzi nne. Kalenda aliitazama ile picha kwenye kioo cha kamera, akavua kofia. Kumbe alikuwa na upara.

"Hii," alisema, "ningeiweka Januari."

Kidevu aliichapa mchana ule ule, kubwa kama sinia. Mama alikuwa ameketi karibu na dirisha. Aliipokea kwa mikono miwili, akaileta puani, akaanza kuisoma kutoka katikati.

"Maji," alisema. Akaisogeza. "Maji. Maji tena. Hapa anga." Alikuwa anatabasamu bado. "Nyumba iko wapi, mwanangu?"

Kidevu alimshika mkono, akaipeleka picha mpaka pembe ya juu kulia ikafika mbele ya jicho.

"Hii nyeusi?"

"Ndiyo hiyo, mama."

Mama aliitazama muda mrefu. Alijaribu mbali, alijaribu karibu, aligeuza karatasi ipate mwanga zaidi.

"Mlango uko wapi?"

Hapo ndipo Kidevu alipoiona picha yake kwa mara ya kwanza. Wiki saba alikuwa ameangalia povu, upeo, mafungu matatu, na hakuwa amejiuliza mlango uko wapi. Mlango ulikuwa ndani ya weusi, pamoja na madirisha, na vigae, na ile ya bluu.

"Bahari naisikia hata kwenye simu mtu akinipigia kutoka kule," mama alisema bila hasira. "Bahari sikuihitaji. Lakini ni nzuri. Imetulia."

Kidevu alikimbilia kwenye kompyuta. Aliivuta nyumba ikawa kubwa, ikawa nyeusi kubwa. Aliongeza mwanga, zikatoka chenga za rangi ya majivu. Alihangaika nayo hadi wateja wakagonga mlango wa bati kuuliza kama kuna msiba. Kivuli hakina mlango, hata ukikipanua vipi.

Alhamisi alifunga kazi, akapanda basi la saa nne ili afike saa sita. Alitaka jua lile lile baya. Njiani alijiambia atasimama hatua nne nyuma, ataiweka katikati, na Kalenda akitaka acheke mpaka kofia idondoke.

Jua alilikuta. Bamvua lilikuwa limefika kabla yake. Usiku maji yalipanda hadi chini ya rasi, na ardhi iliyokuwa imeliwa kwa miaka yote ile ilikwenda chini na nyumba. Juu kulibaki ukuta mmoja wa nyuma, wa jikoni, usio na dirisha wala mlango. Chini mabati mawili yalikuwa yanapigwapigwa na maji ya mwisho yanayopwa. Alishuka akatafuta kwenye mawe na saruji, magoti yakamchubuka, akageuza kila kitu chenye rangi. Alipata kifuniko cha chupa. Alipata nusu ya kandambili. Maji yakaanza kurudi, akapanda juu. Akakaa chini na kamera mapajani, kwenye mwanga mkali ambao ungeonesha hata ufa wa unywele, na hapakuwa na kitu cha kupiga.

Fundi wa kompyuta alikaa na kamera na kompyuta ya Kidevu siku kumi. Kuna dawa ya kurudisha vilivyofutwa, alisema, ila ukishaandika vingine juu yake, vya chini vinaliwa. Kidevu alikuwa ameandika juu yake nyuso za wiki saba. Fundi alirudisha watu sitini na wawili, wengine macho tu, wengine kidevu tu. Katikati yao kulikuwa na kipande kimoja cha paa, kona ya bati na anga la saa sita, na chini yake picha ikawa ya kijivu tupu.

"Chini ya hapo hamna?" Kidevu aliuliza.

"Hamna, dada. Ulisafisha vizuri."

Majuto ni mjukuu, watu husema, na wa Kidevu alikuwa amekwisha kuja, amekaa mapajani, hashuki.

Asubuhi ya siku ya kumi na mbili tangu nyumba ianguke alifungua dirisha la chumba cha mama. Jua liliingia mpaka kitandani. Mama alikuwa ameketi, uso ameuelekeza kule linakotoka joto.

"Umeme umekatika?" aliuliza.

Kidevu alitazama jua lililokuwa kitandani. Mama alisubiri, kisha akainua mkono mbele ya uso wake, akaupeleka huku na huku, akaushusha juu ya shuka.

"Basi," alisema. "Sawa."

Baadaye akauliza, taratibu, kama anayeuliza habari za mgonjwa ambaye hataki kumsumbua, "Ile nyumba ulirudi kuipiga?"

Kidevu alisimama na kitasa cha dirisha mkononi. Angeweza kusema kweli. Kweli ilikuwa karibu kabisa, ilikuwa mdomoni. Lakini mama alikuwa amepoteza kitu kimoja asubuhi ile tayari, na binti hakuwa na moyo wa kumnyang'anya cha pili kabla ya chai.

"Nilirudi, mama. Saa sita mchana. Safari hii nimeiweka katikati kabisa, kama pasipoti." Akaenda, akachapa upya picha ile ile ya povu na maziwa, kwa sababu hakuwa na nyingine. Akamwekea mikononi ikiwa bado ya moto. "Mlango uko hapo kati. Na ya bluu iko chini yake kidogo."

Mama aliipapasa ukingo wote. Akakunja pembe moja ya juu ili ajue upande wa kuishika, akaiweka chini ya mto. Hakusema kama ameamini.

Mama mdogo alikuja mwisho wa mwezi. Yeye pia alizaliwa mle, wa mwisho katika wale tisa, na habari za nyumba alikuwa nazo. Kidevu alimzuia mlangoni, akaweka kidole mdomoni. Mama mdogo alielewa, akafuta macho kwa ncha ya nguo, akaingia na sauti ya uchangamfu.

"Dada yangu, za siku?"

"Njoo ukae hapa uone kitu," mama alisema, mkono tayari chini ya mto. "Mwanangu kanipigia nyumba yetu. Wiki ngapi sijui anaamka alfajiri, watu wanamcheka. Wewe una macho, nisomee." Akaipapasa pembe iliyokunjwa, akaigeuza sawasawa, akailaza magotini. Kidole chake kilitembea polepole mpaka katikati, kikasimama juu ya maji meupe. "Hapa ndipo mlango. Na ya bluu iko hapa, chini kidogo. Sivyo?"

Mama mdogo alikitazama kile kidole, kisha akamtazama Kidevu.

Kidevu alikuwa amekwishanyoosha mkono ili amshike mama kidole, akipeleke juu kulia, kwenye ule weusi, nyumba isikose hata kuguswa. Mkono ulisimama njiani. Aliyatazama yale maji chini ya kidole. Mlango ulikuwa mle sasa, na vigae vyake vyote.

"Ndipo," mama mdogo alisema. "Naiona, dada."

"Na ua linaonekana?"

"Linaonekana. Jeupe."

Kidevu alirudisha mkono wake, akaenda kumfungulia mteja aliyekuwa anagonga.